Chumvini, Achia

Kaka yangu Jaffer ni mbishi. Naanza na hilo kabisa, mtu asije akadhani huko mbele namsingizia. Tangu alipopigwa na kiharusi mwezi wa Ramadhani, mwili wake umerudi karibu wote. Anatembea, anakula mwenyewe, anasema, tena anasema mno. Kilichogoma ni mkono wa kushoto. Vidole vimejikunja ndani ya kiganja na havitaki kukunjuka.

Watu wakija kumjulia hali wanamwambia, "Kaza mkono Jaffer, utapata nguvu." Khaa! Nguvu anazo. Mpe kidole chako akishike uone kama hujalia. Kushika si tatizo, tatizo ni kuachia. Ruthi, binti anayekuja kila Jumatano kumfanyisha mazoezi ya viungo, alinivuta jikoni siku moja akanieleza bila kuzunguka.

"Mama, nisikufiche. Mimi nikivinyoosha vidole vinanyooka, lakini hiyo ni kazi yangu, si yake. Tunataka vifunguke kwa amri yake mwenyewe, hata kidogo. Visipoanza karibuni, mishipa itafupika na mkono utabaki ngumi."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Ndiyo maana amegoma mazoezi."

Kweli alikuwa amegoma. Ruthi akiingia na "Shikamoo baba," yeye anaitika marahaba halafu anageukia ukutani. Duka letu la spea za baiskeli, alilotuachia marehemu baba hapa Chumbageni, akaniambia nilifunge. "Mtu wa mkono mmoja atavisha vipi tairi kwenye ringi?" Nikamjibu kwamba duka halifungwi na mtu anayekula sahani mbili za pilau na kuongeza kachumbari. Tukanuniana siku mbili. Siku ya pili niliingia jikoni nikalia, kwa sababu niliogopa. Mkewe ametangulia, wazee wetu wametangulia, tumebaki sisi wawili katika nyumba ile, nami nilikuwa namwona anajizima taratibu huku nimekaa.

Mchezo niliukuta nikitafuta sinia kubwa stoo. Ulikuwa ndani ya boksi la biskuti: mashine yenyewe, kaseti moja iliyobanduka karatasi, na kijiti cha kuongozea tulichokiita usukani. Mjomba Shehzad alituletea kutoka Maskati mwaka themanini na nne, Jaffer ana miaka kumi na mitatu, mie tisa. Siku hizo bara hakuna kituo cha televisheni, sisi Tanga tukisimamisha mti wa antena juu ya bati kuidaka ya Unguja. Ikikataa Unguja, tunachomeka mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa gari moja na barabara. Unapewa hesabu ya magari ya kuyapita kabla siku haijaisha. Ukiyapita yote unaingia siku ya pili, usipoyapita umekwisha. Njiani kunakucha, kunaingia ukungu, kunaingia giza, unabaki unaona taa nyekundu mbilimbili. Na kuna mahali nchi yote inageuka nyeupe, gari likifika hapo linateleza ovyo.

Weupe ule sisi tuliuita chumvi. Weupe gani mwingine tungeujua? Tukienda Pangani kwa shangazi tulipita majaruba ya chumvi yanameremeta juani, na baba alishaanguka na pikipiki pale na kuchubuka goti. Basi ilikuwa chumvi. Binamu yetu Shamir alikuja likizo kutoka Kanada akatuambia ile ni theluji. "Theluji ya nani?" Jaffer akamwuliza. "Umefika lini Pangani wewe?" Mpaka leo ni chumvi.

Sasa, kwenye usukani kulikuwa na kitufe cha mafuta, ukikibonyeza gari linakwenda. Mwezi wa kwanza tu Jaffer alikivunja. Jirani yetu Bakar, kijana wa Kipemba aliyekuwa akijifunza ufundi redio, akatutengenezea. Alichukua mkono wa breki ya baiskeli dukani kwa baba, akauunganisha kwa waya mrefu. Ukiminya breki, gari linaondoka. Ukiachia, linapunguza. Breki ndiyo ikawa mafuta! Mgeni angecheka, lakini kwetu ilikuwa sheria, na kwa sheria hiyo gari moja likahitaji watu wawili. Jaffer usukani, mie Kaneez mafuta. Miaka mitatu nzima sikushika usukani hata mara moja, kwa sababu usukani ni wa mkubwa.

Na miaka mitatu tuligombana mahali pamoja tu. Tukiingia chumvini Jaffer anapiga kelele, "Mafuta! Mafuta!" Mie niliona wazi kwamba ukikanyaga mafuta pale gari linazunguka, nikawa naachia. Akaniita mwoga. Akanisemea kwa baba. Nikajifunza kuachia kwa siri, kidole kimoja kimoja, asinione. Tukivuka salama anamgeukia Bakar na kujisifu: "Umeona usukani huo?" Nilimeza. Nina miaka hamsini sasa na jambo hilo bado lilikuwa limenikaa hapa kooni, msinicheke.

Basi nilipouona ule mkono wa breki ndani ya boksi, nilikaa chini palepale stoo. Mkono wa kuminya na kuachia. Nikabeba boksi lote mpaka kwa Bakar, ambaye siku hizi ana mvi na banda lake la ufundi mtaa huohuo.

"Lo! Bi Kaneez, hichi mpaka leo kipo?" Akaishika ile breki akacheka peke yake. "Kazi yangu ya kwanza hii."

Akakwangua kutu, akabadilisha waya, akaipigilia breki kwenye kipande cha ubao. Televisheni yetu ya ukutani akaikataa, akaleta ya zamani yenye chogo iliyokuwa inakaliwa na paka bandani kwake. Alasiri ya Ijumaa akaichomeka sebuleni. Ile barabara ya kijivu ilipotokea, Jaffer akageuka kutoka ukutani.

"Nani kaitoa hiyo?"

"Mie," nikasema. "Njoo."

Akaja, akakaa kitako, na bila kuuliza akanyoosha mkono wa kulia kuchukua usukani. Nikauvuta.

"Leo usukani wangu."

"Mchezo wa nani huu?"

"Wa mwenye mikono miwili."

Astaghfirullah, ulimi wangu huu. Bakar akakohoa akaanza kutazama dari. Jaffer alinikazia macho mpaka nikataka ardhi ipasuke, kisha akaiinua ngumi yake ya kushoto akaiweka mezani. "Haya. Tuone huo udereva."

Bakar akamfungua vidole kimoja kimoja, akaupitisha mkono wa breki katikati, vikafunga wenyewe. Gari likachomoka. Niligonga gari la kwanza, la pili, la tatu, kwa kuwa jamani usukani ni mgumu, nakiri. Jaffer akaanza kucheka. Tangu Ramadhani sikuwa nimekisikia kicheko hicho, nikagonga na la nne. Tukaingia chumvini kwa kasi ileile, gari likazunguka kama pia, likatoka nje ya barabara.

"Punguza basi!" akanifokea.

"Mafuta yako wewe!"

Akautazama mkono wake umeng'ang'ania breki, na gari kwenye kioo linanguruma palepale. Wallahi niliona uso wake umebadilika. Nilijua nimemwonyesha kitu ambacho Ruthi alikuwa akimwambia kwa maneno miezi mitano.

"Rudia," akasema.

Tukarudia Ijumaa ile, na Jumamosi, na kila alasiri baada ya hapo, nikishafunga duka kwa muda na kuchemsha chai. Siku zote tuliishia chumvini. Jaffer alitoa jasho kwenye paji la uso, akauma meno, akajitukana kwa Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, mkono ukazidi kukaza. Wiki ya pili aliusukuma ule ubao mpaka ukaanguka chini akaenda kulala bila chai. Nikauokota nikauweka mahali pake.

Ruthi alipoikuta ile mitambo sebuleni nilidhani atatugombeza. Alivuta kigoda akatazama mpaka tulipoangamia.

"Baba, unaulazimisha," akasema. "Ukigombana nao unakaza. Inamisha kifundo cha mkono, hivi, ning'iniza tu. Toa pumzi. Halafu ndiyo uviambie vidole."

"Niviambie nini?"

"Unavyoviambia siku zote. Ni vidole vyako."

Nikadakia, "Viambie viachie, kama nilivyokuwa nikifanya mie."

"Wewe ulikuwa unaogopa," akasema Jaffer. Ala! Hali ile, ngumi ile, na bado mbishi. Nikanywa chai yangu, moyoni namtukana.

Wiki mbili nyingine zikapita, hakuna kitu. Kifundo akainamisha, pumzi akatoa, vidole vimekaa vilevile. Siku moja Ruthi alivipima vile vidole muda mrefu kuliko kawaida, halafu akaandika kitu kwenye daftari lake bila kunitazama. Nilimfuata mpaka mlangoni. Akasema, "Tuendelee tu, mama." Sikuipenda ile *tu*.

Jumatano iliyofuata mvua za vuli zilikuwa zimeanza, bati linapigwa, Bakar kajibanza kwetu kwa sababu banda lake linavuja. Ruthi kigodani. Mie nilikuwa nimeshauzoea usukani, siringi, nilikuwa nimeuzoea. Tuliyapita magari mengi kuliko siku zote. Yakabaki tisa kumaliza siku. Yakabaki sita. Kisha nchi ikageuka nyeupe.

"Bhai," nikamwambia kaka yangu, "chumvi."

"Naona."

Gari likaanza kuyumba. Nikalivuta kushoto, likaenda kulia. Mbele yetu gari la bluu limekaa katikati ya njia, nikajua tunaligonga kama tulivyoligonga siku zote, na nikasikia sauti yangu inapiga kelele kama mtoto wa miaka tisa, "Achia! Jaffer, achia!"

Alikuwa ameshainamisha kifundo. Nikasikia pumzi yake inatoka, ndefu, mpaka mwisho. Na ule mngurumo wa gari ukashuka.

Ulishuka kidogo tu. Lakini masikio yangu yaliujua mshuko ule tangu utotoni, ulikuwa wangu. Gari likatulia. Likalipita lile la bluu kwa upande, likanyooka kwenye weupe, polepole, halitetereki. Nikageuka kutazama mkono. Breki ilikuwa imesogea mbele, na kati ya kidole cha shahada na kiganja palikuwa na nafasi, ningeweza kupitisha penseli. Hakuna aliyemgusa. Ruthi alikuwa amesimama, kaziba mdomo kwa daftari.

"Tazama njia wewe!" Jaffer akanifokea.

Nikageuka, nimechelewa. Tukagonga gari la kijani puu, siku ikaisha, yamebaki magari matano.

"Umetuua!" akasema. "Mtu unavushwa chumvi salama, unakwenda kugonga kwenye peupe kabisa!"

Nilikuwa nalia, machozi yananidondokea kwenye usukani, sina hata kitambaa. Bakar akasema alhamdulillahi mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Ruthi akapiga magoti mbele ya Jaffer. "Baba, fanya tena. Bila gari. Nifanyie mimi." Akainamisha, akatoa pumzi. Kidole cha shahada kikasogea. Cha kati kikatikisika kukifuata. Ruthi akainuka akanikumbatia mie badala ya yeye.

Mvua ilipopungua na chai ikamiminwa upya, Jaffer alikuwa bado anautazama mkono wake. Alikuwa anaukunja na kuujaribu tena, nafasi ya penseli, basi, nafasi ya penseli. Kisha akasema bila kunitazama:

"Kaneez. Ulikuwa unaachia."

"Nilikuwa naachia."

"Siku zote?"

"Siku zote. Kila ulipovuka ukajisifu hapa kwa Bakar, mie ndiye niliyekuvusha."

Bakar akainamia kikombe. Nikamngoja kaka yangu abishe. Niliyajua hata maneno yake, nilikuwa na majibu yangu tayari tangu mwaka themanini na saba.

"Kazi ngumu ile," akasema Jaffer. "Sikujua."

Basi. Nikajifanya nafuta meza, meza ilikuwa safi.

Ruthi alitaka kuichukua ile breki mkono upumzike. Jaffer akauvuta ubao upande wake, akaugeuzageuza kwa mkono mzima, akaitazama springi.

"Springi imechoka hii," akasema. "Dukani zipo mpya, droo ya tatu. Kesho nifungulie mapema, nitachagua mwenyewe. Wewe utaniletea mbovu."

"Kesho asubuhi?"

"Umesikia." Kisha akairudisha breki mezani, akainamisha kifundo, na yeye mwenyewe, kwa msaada wa mkono wa kulia, akaviingiza vidole mahali pake. Nikamsogezea usukani. Mchezo ni wake, na haki ya usukani alikuwa ameshaipata.

Akaurudisha kwangu.

"Kaa nao," akasema. "Mafuta ni yangu."