Maji Kwenye Kona

Mtaani kwetu Chumbageni, ukisema unapenda mbio za magari watu wanakuona una lako jambo. Mpira, sawa. Taarabu, sawa. Lakini mwanamke mtu mzima, fundi cherehani, mwenye mwana aliyekwisha kuoa, anafunga kibanda chake kutwa nzima kwenda kusimama kwenye mashamba ya mkonge ili apitwe na gari? Wamenisema mpaka wamechoka wenyewe. Nawajibu kwamba wao wanalipa kiingilio kuangalia wanaume wakigombania ngozi moja, na mimi sijawahi kuwauliza kitu.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mume wangu, Masoud. Ni dereva wa teksi tangu ujana wake, na alipoanza kunichukua kwenda kwenye rali nilikwenda kwa kununa. Kilichonishika ni yale magari. Si yale ya kwenye televisheni yaliyolala chini, ambayo huwezi kutia humo hata kapu la ndizi. Haya ni ya kwetu. Gari la Yasini lilikuwa Subaru ile ile anayoendea mtu sokoni, milango minne, buti la kuingia gunia la mchele. Wamelitoa viti vya nyuma, wamelitia vyuma ndani, wamelibandika namba ubavuni, basi. Likikupita kwa kasi ile unabaki unajiambia kwamba na wewe, ungekuwa na moyo, ungeweza.

Na Yasini alikuwa wetu. Kazaliwa nyuma ya nyumba yetu, kakulia kwenye gereji ya marehemu baba yake. Washindani wake walikuwa wanatoka Dar es Salaam na Arusha, magari yao yanakuja yamebebwa juu ya lori, mafundi wao wamevaa sare. Yasini alikuja akiliendesha la kwake mwenyewe kutoka nyumbani, na pembeni yake ameketi mdogo wake, Uweso.

Uweso ndiye alikuwa msoma ramani. Kwa asiyejua, kabla ya mashindano wanaipita njia polepole, msoma ramani anaandika kila kona: hii kali, hii nyepesi, hii kavu, hii ina utelezi. Siku yenyewe anamsomea dereva, na dereva anakanyaga mafuta kwa kuiamini sauti hiyo tu, maana mkonge umeziba na huko mbele hakuoni. Yasini alipata kumwambia mume wangu barazani kwetu, "Mzee, mimi naendesha kwa masikio. Macho ni ya Uweso."

Alikuwa mpole huyo Uweso, tena mwembamba. Ovaroli yake ya mashindano ilimpwaya ikabidi niipunguze kiunoni, na alipokuja kuichukua alisimama nje ya kibanda akingoja nimalize na mteja, hataki kunikatisha. "Shikamoo, Bi Mwamvua. Nimekuja kukusumbua." Nikamwambia asipokula atapeperuka dirishani, Yasini asione amekwenda wapi. Alicheka, akaziba mdomo kwa mkono, ndiyo tabia yake.

Mwaka jana Yasini alikuwa anaongoza. Mashindano ya kwetu Tanga yalikuwa ndiyo ya kufunga msimu, akimaliza mbele ubingwa ni wake. Na mwaka huo huo pumu yangu ikanizidi. Nilikuwa nakohoa mpaka cherehani inasimama. Daktari akanikataza vumbi, na rali bila vumbi bado haijavumbuliwa. Nikamwambia Masoud aende peke yake.

"Basi na mimi siendi," akasema.

"Utakufa, Baba Badru."

"Nife tu."

Alinuna kama mtoto aliyenyimwa nguo ya Idi. Kisha jioni moja akaja jikoni, uso umechangamka. "Mama Badru, utakwenda. Vumbi niachie mimi."

Kwetu mgeni wa heshima akitarajiwa, ua unafagiwa, kisha unanyunyizwa maji ili vumbi lilale. Siku ya harusi ndiyo usiseme. Bwana harusi anakanyaga mchanga uliolowa tangu njiani mpaka mlangoni. Hata mimi nililetwa kwa Masoud juu ya ardhi iliyonyunyizwa. Basi mume wangu akaichukua desturi ya uani akaipeleka kwenye njia ya magari.

Kona yetu ya kila mwaka iko kwenye shamba la mkonge njia ya Kigombe, karibu na nyumba ya Ernesti, mlinzi wa shamba. Ernesti ni mtu wa milimani, Mlutheri, lakini kwenye habari ya Yasini dini yetu moja. Mkewe Bibiana hutupikia, sisi huwapelekea samaki. Mwaka huo tulipofika tukakuta Ernesti amekwisha kujaza pipa juu ya mkokoteni, na ndoo zimepangwa. Wakangoja kwanza gari la wakaguzi lipite, lile linaloangalia kama njia iko salama, kwa sababu wakimwaga mapema jua litakausha. Lilipopita tu, wakaingia njiani. Masoud alinyunyiza kwa kiganja, taratibu, kama anavyonyunyiza uani. Ernesti akaona wanachelewa, akamimina ndoo nzima nzima. Udongo mwekundu ukageuka rangi ya maini. Nikawatania, "Mnampokea dereva au bwana harusi?" Bibiana akapiga kigelegele, tukacheka wote.

Nilikaa kwenye kiti karibu na njia, napumua vizuri kabisa. Sijui kama mnaelewa furaha ya kupumua. Masoud alisimama nyuma yangu, mkono begani kwangu. Alikuwa amenifanyia jambo na alijua kwamba nimelipenda.

Yasini ndiye alikuwa wa kwanza kupita, kwa kuwa ndiye aliyeongoza. Tukausikia muungurumo kutoka mbali, ukazama, ukatoka tena. Masoud akasema, "Huyo." Gari likatokea, jeupe, linang'aa. Kwenye kona lilitakiwa likate kushoto. Halikukata. Magurudumu nikayaona yamegeuka, na gari linakwenda moja kwa moja kama sabuni sakafuni, likaivuka njia, likaufyeka mkonge, likapiga mnazi kwa ubavu. Ubavu wa Uweso.

Vumbi halikutimka hata chembe. Masoud alitaka nione vizuri, nami niliona vizuri kila kitu.

Uweso hakufika hospitali. Yasini alitolewa mguu umevunjika na mbavu zimeumia. Mbio zikasimamishwa. Watu wakaja mbio kutoka kila upande, wakaikanyagakanyaga ile kona kwa kubeba majeruhi na kusukuma gari, na lile jua la Kigombe likamaliza yaliyobaki. Wakubwa wa mashindano walipofika kupima na kupiga picha, walikuta njia kavu kama njia nyingine yoyote.

Tulimzika Uweso kesho yake. Na kabla matanga hayajaondolewa, maneno yakaanza. Dereva alikuwa mzuri, njia ilikuwa kavu, gari halikuwa bovu. Basi aliyekosea ni nani? Msoma ramani. Alisoma vibaya. Aliruka kona. Wengine wakasema alikuwa amesinzia, eti usiku alikuwa kwenye ngoma. Masoud alikuwa anayasikia kwenye kituo cha teksi tangu asubuhi, anarudi nyumbani anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. Chakula akawa anakigusa tu. Ernesti alimpigia simu kumwambia, "Bwana Masoud, tunyamaze. Tutafungwa, na marehemu harudi." Mimi nilikuwa kimya kwa woga. Nilimwona mume wangu amefungwa pingu kila nilipofumba macho.

Kilichonitoa woga ni mteja. Mwanaume mzima, kaleta suruali ya kupunguza, kaegemea kibanda changu pale pale alipokuwa akisimama Uweso, akasema, "Yule kijana kamponza kaka yake kwa uzembe. Ubingwa wa Tanga umekwenda hivi hivi." Nilimtupia suruali yake usoni. Nikamtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani.

"Baba Badru, vaa kanzu. Tunakwenda kwa Bi Nasra."

Hakuniuliza kwenda kufanya nini. Nadhani alikuwa anangoja mtu amwambie.

Bi Nasra ni mama yao Yasini na Uweso. Alitupokea akiwa amejifunga kanga mbili, uso umemwisha, akatuingiza chumbani alikolala Yasini, mguu kwenye plasta. Bado alikuwa na adabu zake. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, Bi Mwamvua." Tukaitikia. Bi Nasra akatuvutia viti, akaketi kitandani miguuni pa mwanawe. Masoud alianza kuuliza hali, akauliza tena hali, akauliza dawa. Nilimfinya.

"Mwanangu," akasema, "Uweso alikusomea nini pale kwenye kona?"

Bi Nasra akainamisha kichwa. Niliona amekwisha kulisikia jambo hili kupita kiasi. Yasini akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma jiwe la kaburi. "Kushoto, kali kidogo, kavu, kanyaga. Alisema kavu, mzee. Nami nikakanyaga. Sijui aliona nini siku ile tunapita. Sijui alikosea wapi."

"Hakukosea," Masoud akasema. "Ilikuwa kavu. Tuliimwagia maji sisi. Mimi na Ernesti. Baada ya wakaguzi kupita."

Nikasikia mtu anatwanga nyumba ya pili.

"Mlimwaga maji," Yasini akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Njiani. Kwa nini?"

"Tulitaka kukupokea kwa heshima," Masoud akasema, "na watu wakuone bila vumbi."

Ilikuwa kweli nusu. Ile nusu nyingine alikuwa anaificha mbele yangu, kunikinga mimi, na hilo likanichoma kuliko yote. Nikasema, "Usimsikilize. Alimwaga kwa ajili ya kifua changu. Nina pumu. Alitaka nami niwepo."

Nilimtazama Bi Nasra. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa mate, kwa lolote. Nililitaka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye akasema kwa kunong'ona, si kwetu, kwa mwanawe, "Umesikia, Yasini? Hakukosea. Mtoto wangu hakukosea." Aliyarudia maneno hayo. Ilikuwa ni shukurani, wallahi. Mama wa watu alikuwa anashukuru. Mtaa mzima ulikuwa umemwambia mwanawe kajiua kwa uzembe, na sasa amerudishiwa heshima yake. Nikafikiri labda tumefanya jambo jema. Nikaona hata mabega ya Masoud yanashuka kidogo.

Lakini Yasini hakuwa analia. Alikuwa amekodoa macho juu ya dari, na mkono wake umeshika shuka, unalivuta, unalivuta.

"Mzee," akasema, "gari lilipoteleza, sisi tunasikizana, tuna vipaza sauti ndani ya helmeti. Nilimtukana. Nilimwambia, umenisomea nini wewe, mpumbavu, umetuua."

"Ni hasira, mwanangu," Masoud akasema. "Kila mtu angesema."

"Akaniambia, nisamehe kaka."

Bi Nasra akainua kichwa.

"Kabla hatujaupiga mnazi. Alipata nafasi ya kusema hivyo tu. Alidhani kweli amekosea. Nami tangu siku ile nimelala hapa, naambiwa na watu nimsamehe marehemu, nimsamehe, na moyo wangu ulikuwa unakataa. Jana tu ndiyo nilisema, haya, nimekusamehe." Akamgeukia mume wangu. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Alimtazama kama mtoto anavyomtazama mwalimu wa chuo cha Kurani. "Wewe ni mtu mzima, mzee, unayajua haya. Mtu akikuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, halafu akafa. Anakwenda nalo? Au namwambiaje sasa?"

Masoud akanitazama. Amekuwa akinijibu kila jambo kwa miaka yote ya ndoa yetu, hata yale asiyoyajua. Sasa alikuwa anataka mimi nimjibie.

"Alisubiri nimjibu," Yasini akasema. "Palikuwa na muda, mzee. Si mwingi, lakini ulikuwepo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia."