Sufuria ya Bi Mwanamize

Niliota usiku wa jana kwamba sufuria imebisha hodi mlangoni kwangu, nami, kwa kuwa nililelewa vizuri, nikaikaribisha ndani.

Ilikuwa sufuria kubwa ya shughuli, yenye masizi hadi kwenye ukingo. Ikakaa kwenye kiti cha Mkude, mume wangu, bila kuuliza ni cha nani.

"Nimetumwa na Bi Mwanamize," ikasema, kwa Kiswahili kile cha pwani kinachonifanya nione haya kufungua mdomo. "Anataka sufuria yake. Ijumaa ana arusi."

"Mimi sina sufuria ya mtu."

"Sufuria yenyewe ndiyo mimi. Mimi ndiye Kiswahili. Uliniazima ulipoingia darasa la kwanza, ukasema utanirudisha baada ya mitihani."

Nikaieleza kwamba lugha ya kuazima ni maneno tu ya watu wa semina. Sufuria ikanitazama, ingawa haikuwa na macho.

Niseme wazi kilichonitisha. Mimi ni Msukuma wa Kwimba, naandika riwaya kwa Kiswahili, na riwaya yangu ya tatu imebaki sura moja tu. Ni kitabu cha maisha ya mama. Sufuria ikiondoka, Kiswahili chote kinaondoka nayo, na mimi nabaki na Kisukuma changu, ambacho kiliishia pale nilipopelekwa kuishi kwa mjomba Morogoro nikiwa mtoto mdogo. Kwa Kisukuma hicho naweza kuomba maji, kufukuza ndama na kulia. Sura ya mwisho haiandikiki kwa vitu hivyo.

"Naomba muda kidogo," nikasema. "Nimalizie kitabu."

"Arusi haingoji kitabu. Halafu mimi sirudi tupu. Hilo huhitaji kufundishwa."

Ni kweli, sikuhitaji. Mtaani kwetu hata sahani ya jirani hairudi bila kitu ndani, walau limau. Nikaingia jikoni nikapika pilau. Ndotoni pilau inaiva kabla hujamaliza kukaza kanga kiunoni. Nikaijaza sufuria hadi juu, nikajisifu, na sufuria ikacheka mpaka mfuniko ukaruka.

"Pilau yao uwapelekee wao wenyewe! Lakini ndiyo kawaida yako. Vitabu vyako vyote viwili vimejaa harufu ya karafuu, na wewe karafuu umeijulia kwenye pakiti."

Nilikasirika sana, kwa sababu haikusema uongo.

Nafungua mlango wa stoo nitafute kitu kingine, sufuria ikinifuata nyuma. Ndani ya stoo kuna uwanja wa nyumba yetu kule Kwimba, jua linawaka, na mama anaanua matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikawa vigumu. Mama alifariki mwaka juzi, lakini naona hakuna aliyempa taarifa.

"Mayu," namwita.

Anajibu kwa Kisukuma. Mimi hapa naandika kwa Kiswahili, kwa hiyo mtapata nusu yake.

"Umekonda, Minza. Na huyo mgeni ni nani?"

"Ni sufuria ya watu, Mayu. Ndiyo ninayopikia vitabu."

"Na mimi umenipikaje humo?"

Mama hakuwahi kujua Kiswahili zaidi ya "shikamoo" na "hapana", na sura ya mwisho ndimo anamozungumza. Nimeshaiandika na kuichana sijui mara ngapi. Kila mama akifungua mdomo anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari.

Nikamweleza hivyohivyo. Mama akacheka mpaka akashikilia ukuta. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile, na nikalia palepale, kwa Kisukuma safi kabisa.

Akaimwaga pilau kwa kuku, akaisugua sufuria kwa majivu na kuijaza matobolwa. Sufuria, iliyokuwa na maneno mengi tangu mlangoni kwangu, ilisuguliwa kimya.

"Wapelekee haya," akasema. "Waambie wasiyafanyie haraka, yatawang'oa meno."

"Wabeja, Mayu," namshukuru. Nageuka, na uwanja ni ua wa Bi Mwanamize.

Uani kuna foleni ya waandishi, kila mmoja na chombo cha kurudisha. Mbele yangu amesimama bwana mmoja mrefu kutoka Brazzaville, amekumbatia birika.

"Kifaransa," ananiambia. "Lakini mimi sikuazima, dada. Mimi walinitwisha, na fimbo juu. Leo eti wanataka birika lao."

"Na utawapa?"

"Waje walichukue. Nimechemshia humo majani ya kwetu mpaka bomba limeota mizizi. Wakinywa, watakohoa."

Anatazama huku na huku. Waliotaka birika hawajafika, kwa hiyo ananipisha.

Bi Mwanamize amekaa mkekani na shangazi zake wawili, wanachagua mchele wa arusi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umeileta? Ahsante." Anafunua mfuniko. "Na hizi ni nini? Kuni?"

"Matobolwa, Bi. Ni ya kwetu. Yanatafunwa."

Anachukua moja, anatia mdomoni. Shangazi nao wanachukua. Ua mzima unanyamaza. Wanatafuna. Mpishi wa arusi anakuja kuuliza habari ya nazi, anapewa moja, naye ananyamaza. Bi Mwanamize ananyoosha kidole kutaka kusema jambo, anakishusha, anaendelea kutafuna. Mimi nimesimama nikihesabu maneno niliyobakiza.

"Utamu wake unachelewa," anasema hatimaye. "Lakini ukishafika, unakaa." Anajipangusa. "Yapo mengine?"

"Kwa mama yapo gunia zima."

"Basi kayalete! Na wageni wote hawa, haya yatamtosha nani?"

Hapo nikaona upenyo, na mimi si mjinga.

"Nitayaletea kwenye nini, Bi?"

Shangazi wanatazamana. Sufuria inajifanya haisikii.

"Si hiyo hapo!" anafoka Bi Mwanamize, kwa hasira ya mtu aliyejua keshakamatika. "Ichukue. Lakini pilau sitaki kuiona."

"Hutaiona, Bi."

"Sasa arusi tutapikia nini?" anauliza shangazi mmoja.

"Tutaazima," anajibu Bi Mwanamize. "Kwani sisi hatujawahi kuazima?"

Nikaikumbatia sufuria nikatoka mbio kabla hawajabadili mawazo, na mbio hizo ndizo zilizoniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Mkude alikuwa akivaa viatu aende kazini. Nikapapasa kitandani: hakuna sufuria. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Kisha ulimi wangu ukagusa kitu nyuma ya jino la mwisho, kipande kigumu, chembamba. Jana tulikula wali na maharage, na nyumba hii haijaona tobolwa tangu mama afariki, maana aliyekuwa akituletea ni yeye.

"Unatafuna nini, hata mswaki hujapiga?" akauliza Mkude.

Nikamwonyesha kwa mkono asinisemeshe, nikakimbilia meza yangu ya kuandikia, peku. Utamu ulikuwa ndio kwanza unafika, na mama alikuwa ameshaanza kuzungumza.