Viziwi Watatu wa Rukiyo

Habari hii nilipewa na Samsam, binti wa dada yangu Rukiyo, mwaka wa tisini na saba, mvua ilipokata barabara na Garissa nzima ikakaa ndani kuchambua maharage. Alisimulia akicheka. Siku yenyewe hakucheka.

Samsam alikuwa mpiga taipu mjini. Daktari Daud, mgeni kutoka Nairobi, alimletea ripoti yake kuhusu uziwi wa kurithi. Samsam akapiga kurasa nne bila kusoma, kama wafanyavyo wapiga taipu wote, mpaka akafika kwa "mama namba saba, muuza maziwa, jino la mbele la dhahabu, watoto sita, viziwi watatu." Vidole vikasimama. Jino hilo mji mzima ulilijua. Lilikuwa la mama yake.

Na Iftin, binti wa Samsam, alikuwa amechumbiwa. Baba wa kijana, Maalim, alishasema hakuna nikaha mpaka aisome ripoti ya daktari. Mzee huyo hanunui hata mbuzi bila kumfungua mdomo.

Samsam akamrudia daktari, akamwuliza wale watu sitini wa ripoti aliwachaguaje. Akajibiwa kwamba hawakuchaguliwa kwa upendeleo, ndivyo ilivyoandikwa. Samsam akamkumbusha kuwa aliyewaleta ni Bare, muuza maji kwa mkokoteni wa punda, naye alileta jamaa zake watupu kwa sababu kila mtu alipewa kilo ya sukari. Na waliokataa kutolewa damu? Daktari akasema hao hakuwahesabu, maana walikataa.

"Basi andika hivyo. Andika Bare, andika sukari, andika waliokataa."

"Dada Samsam, ripoti ya sayansi si zizi la punda."

Samsam akaenda sokoni, akamleta mama yake na chombo chake cha maziwa. Daktari akamwuliza Rukiyo tena, kwa adabu, kama wale viziwi watatu ni watoto wake. Akasema ndiyo. Daktari akamtazama Samsam kama mtu aliyeshinda kesi.

"Hooyo, mama yangu, mwambie nani aliwazaa," Samsam akasema.

"Mbili alizaa marehemu Shamis wa Kutulo, si ukoo yetu. Mimi nilinyonyesha, basi ni yangu, haiwezi kuoa watoto yangu. Ile ya tatu nilizaa mimi. Ilisikia fizuri mpaka homa ya kichwa."

"Mbona hukuniambia, mama?" daktari akauliza.

"Hukuuliza."

Daktari akakaa chini, akafuta. Siku tatu alizunguka na Samsam nyumba kwa nyumba akiuliza upya: nani alizaa, nani alinyonyesha, nani aliugua, nani binamu ya nani. Ripoti ikatoka kurasa kumi na moja. Jino la dhahabu likaondolewa, Bare na sukari yake wakaingia, na mwishoni ikaandikwa kwamba kwa watu waliopatikana hivi, haiwezekani bado kusema uziwi huu ni wa damu.

Maalim aliisoma yote mpaka adhuhuri. Akasema hajapata kuona msomi akitumia kurasa kumi na moja kusema hajui. Lakini anayekiri hajui, akaongeza, hajamsingizia binti wa mtu. Siku ya nikaha ikapangwa hapo hapo, juu ya sinia ya wali.

Walipokwisha kula, jua kali, kila mtu akajinyoosha mkekani. Daktari peke yake akabaki na kalamu, akimwuliza Rukiyo mababu wa Bare. Rukiyo akawataja mmoja mmoja, kwenda nyuma. Kwa babu wa kumi na mbili akasikia mkoromo. Akaichomoa kalamu mkononi mwa daktari isimchafulie shati, akajifunika shuka, naye akalala.