Koti la Ognyan

Zlatina alilinda mlango wa supermaketi mjini Ruse, na kazi yenyewe ilikuwa kusimama. Watu waingie, watu watoke, naye miguu imvimbe kama unga uliotiwa hamira. Aliyemfundisha kuusahau uchovu ni Genoveva, mfagiaji.

"Dada, usiwatazame nyuso," alimwambia. "Nyuso hudanganya. Tazama miguu."

Ukawa ndio mchezo wao. Huyu ana mwendo wa mtu aliyegombana na mkewe. Yule kafuata pombe ya rakia, ila atachukua na maziwa ili majirani wasiseme. Anayeshindwa anunue kahawa. Siku zikawa fupi.

Kisha soseji na jibini zikaanza kupotea rafuni. Ognyan, msimamizi wao, akamwita Genoveva mbele ya wateja na kuumwaga mkoba wake sakafuni. Kikaanguka kipande cha jibini ambacho mwenyewe hakukitia. Binti yake, aliyekuja kumchukua, alikuwa amesimama pale pale. Genoveva akavua aproni, akaondoka.

Zlatina alimeza, lakini hakusahau. Tangu siku ile mchezo ukabaki na mtu mmoja tu. Alimvizia Ognyan kila alipoingia na kila alipotoka, kama paka aliyeona shimo la panya, mpaka akamjua. Ognyan huingia mabega yakicheza. Lakini kuna siku hutoka kwa hatua fupi, mkono wa kushoto umeganda ubavuni, kama mtu aliyeficha yai kwapani.

Angeweza kumkamata siku yoyote. Yeye hakutaka siku yoyote. Alingoja Jumamosi ya kuamkia Pasaka, duka limefurika mpaka mlangoni, ndipo Ognyan akaja na mwendo ule.

"Samahani, bosi. Fungua koti."

Ognyan akacheka. "Zlatina, umekunywa?"

"Bado. Fungua."

"Nitakufukuza kazi sasa hivi."

"Nifukuze. Ila fungua kwanza."

Watu wa foleni wakageuza shingo. Ognyan akamsogelea, akashusha sauti. "Nakuomba. Mama yangu yuko pale kwenye foleni. Twende ofisini, nitasema yote, hata ya Genoveva."

Zlatina akageuka. Kweli, alikuwapo bibi mwenye kilemba, amekumbatia mkate mtamu wa Pasaka, macho kwa mwanawe. Mara nyingi walikuwa wameamkiana. Moyo ukamsita kidogo. Kisha akamkumbuka binti wa Genoveva, alivyokuwa akiokota vitu vya mamake sakafuni.

"Sema hapa hapa," alisema. "Na kwa sauti, mama asikie."

Ognyan akafungua koti. Soseji zikatoka, jibini likatoka. Akasema, macho chini, kwamba lile la mkobani alilitia yeye. Bibi akauweka mkate kauntani, akapita mbele yao wote wawili bila kumtazama yeyote.

Ognyan alifukuzwa. Genoveva aliitwa arudi, akakataa; alishapata kazi kwenye duka la mikate. Zlatina akaenda nyumbani kwake kumsimulia, na alipofika kwenye habari ya yule bibi akasita, akidhani rafiki yake atamlaumu.

Genoveva akafunga mlango wa jikoni, akavuta kiti karibu.

"Rudia," alisema. "Anzia pale alipocheka. Na usiende haraka."