Tangazo Chini ya Uso wa Dencho

Barabara ya soko letu ilichimbwa mwezi wa nne. Tangazo la kwanza la manispaa lilisema itafungwa wiki sita. La pili likasema mpaka mwisho wa Julai. La tatu halikutaja tarehe, lilisema tu "hadi mtakapotangaziwa", na hapo ndipo nilipoacha kuyasoma. Mtu mzima akidanganywa mara tatu na ubao mmoja, asiende tena kusimama mbele yake.

Mimi nauza jibini, lile jeupe la maji ya chumvi, mwaka wa thelathini na moja sasa. Tangu wachimbe, mteja akitaka kunifikia anavuka mtaro juu ya kipande cha mbao kinachoyumba. Bibi mwenye fimbo atavuka vipi? Wateja wangu ndio hao mabibi. Na kama hilo halikutosha, ikaja sheria: kuanzia tarehe mosi Oktoba, asiye na jokofu la kioo haruhusiwi kuuza jibini sokoni. Jokofu lenyewe sina uwezo nalo hata nikiuza kondoo wote. Nilishaanza kuwaaga wateja.

Ijumaa hiyo, siku ya soko, ilikuwa saa tano imepita kidogo alipokuja Galin. Ni karani wa manispaa, ndiye anayebandika hayo matangazo yao. Nimemjua tangu akiwa mtoto wa jirani anayetokwa na kamasi.

"Mama Velika, nikatie la kondoo, lile gumugumu. Halafu wewe, mbona fomu yako sijaiona?"

"Fomu gani?"

"Ya ruzuku. Manispaa inawapa majokofu wafanyabiashara walioumizwa na barabara. Mwisho leo saa sita."

Nikaweka kisu chini.

"Unasema nini wewe?"

"Tangazo liko ubaoni wiki ya tatu hii."

"Galin, usinitanie. Ubao uko hatua kumi kutoka hapa. Naupita kila siku ya soko, kwenda na kurudi."

"Lipo, mama. Nimelibandika kwa mkono wangu."

"Haya twende ukanionyeshe. Lisipokuwepo, hiyo ndoo ya maji ya chumvi nakumwagia kichwani."

Tukaenda. Kadiri tulivyokaribia, masikio yake yalizidi kuwa mekundu. Alipofika hakunyoosha kidole, alionyesha kwa kidevu tu. Pale alipoonyesha alikuwa Dencho, mume wangu, ananitazama.

Kwetu wafu wana karatasi zao: ukingo mweusi, picha, na muda uliopita tangu waondoke. Siku arobaini, miezi mitatu, miezi sita, mwaka. Tunazibandika milangoni, kwenye nguzo, kwenye miti, na zinakaa mpaka mvua izitoe. Mkono wa mtu hauzigusi. Ile ya Dencho ya miezi sita niliibandika mwenyewe alfajiri, bila miwani, macho yamejaa machozi. Nilitaka aitazame meza yetu. Ubaoni palikuwa na karatasi ya manispaa, nikasema moyoni, barabara tena hiyo, nikampaka Dencho gundi mgongoni nikamweka juu yake. Chini ilibaki inachungulia mhuri na mstari mmoja: "Fomu zinapatikana dirisha la tatu."

Mstari huo sikuwahi kuuona. Mimi nilikuwa namtazama usoni.

"Uliona nimelifunika," nikamwambia Galin.

"Niliona."

"Na ukanyamaza!"

"Sasa ningefanya nini, mama? Nimbandue baba Dencho? Mama yangu angenifukuza nyumbani."

"Ungebandika nakala nyingine pembeni!"

"Utaratibu ni nakala moja kila ubao. Nyingine iko kule stendi."

"Stendi imefungwa kwa sababu ya barabara, Galin!"

"Ndiyo hivyo," akasema, na alisema kwa huzuni ya kweli, kama vile stendi imefungwa na watu wengine kabisa.

Nilimwambia sawa, nipe fomu, najaza sasa hivi. Akasema fomu ina kisanduku cha namba ya tangazo, na bila namba dirisha la tatu hawapokei. Namba ni ipi? Haikumbuki. Ofisini? Jalada limefungiwa kabatini na bosi, na bosi yuko likizo pwani. Kwenye tovuti? Tovuti inafanyiwa matengenezo. Nilimuuliza kama nayo wameichimba mtaro. Hakucheka.

"Namba iko wapi basi?"

Akakitazama kifua cha Dencho. "Hapo. Juu kidogo."

Saa ya kanisani ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Nilikwenda mezani nikachukua kisu cha jibini na kitambaa chenye maji. Niliporudi, wifi yangu Stamena alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono kiunoni. Yeye anauza pilipili za kukausha meza ya pili kutoka yangu, na masikio yake yanafika kila mahali.

"Unakwenda wapi na hicho kisu, wifi?"

"Kuna tangazo chini. Nikikosa namba, Oktoba nafunga."

"Ukafunge. Kaka yangu hajamaliza mwaka ardhini, unataka kumkwangua kama bango la sarakasi?"

"Nitabandika nyingine leo leo, tena kubwa."

"Alipokuwa hai ulimsumbua, sasa amelala bado unamfuata na kisu!"

Mzee Trifon wa soseji alivua kofia, sijui kwa ajili ya Dencho au kwa ajili yangu. Niliona aibu. Lakini niliiona pia meza yangu tupu, na mimi nyumbani nikihesabu nzi.

"Wifi, nipishe. Ukiwa na jokofu nipe, nimwache."

Hakuwa nalo. Akapisha, akageuza uso.

Nilianza polepole. Nilimlowesha pembeni, nikapitisha kisu chini ya ukingo mweusi, nikimwomba samahani kimoyomoyo. Ila gundi yangu ya unga ni gundi kwelikweli, naipika mwenyewe, hakuna karatasi yangu iliyowahi kung'olewa na upepo. Kidevu kilitoka kizima. Mdomo ukachanika. Mashavu nikayakwangua vipande vipande, na kwa nyuma nilimsikia Stamena akilia. Namba ikajitokeza tarakimu moja baada ya nyingine. Niliiandika kiganjani, nikamwacha mume wangu pale akiwa na paji la uso na jicho moja.

Nikakimbia. Mimi, na magoti haya, juu ya kile kipande cha mbao cha mtaroni, aproni inanuka maji ya chumvi. Fomu niliijaza nimesimama, na saa sita kasoro dakika nne niliisukuma chini ya kioo cha dirisha la tatu. Mwanamke wa ndani alikuwa anakula banitsa, andazi la jibini. Alijifuta vidole, akasoma yote, akagonga mhuri.

"Pumua, mama. Umekimbilia nini?"

"Si mwisho ni saa sita?"

"Tumesogeza mbele tangu jana, mpaka tarehe thelathini. Galin bado hajaambiwa, atabandika Jumatatu."

Nilishika kingo za dirisha. "Mmesogeza kwa nini?"

"Hakuna aliyeomba. Majokofu kumi na mawili, na hatukupata fomu hata moja. Tukasema labda watu wa soko lile mnajiweza. Wewe ndiye wa kwanza."

Nilikuwa na matusi ya kutosha manispaa yote, na ghorofa ya juu. Niliyabeba yote. Nilirudi sokoni taratibu, nikaenda moja kwa moja kwa Trifon, ambaye soseji zake nazo zinataka jokofu kama jibini langu.

"Ule mstari wa chini, wa fomu, uliuona?"

"Niliuona. Wote tuliuona. Tulijua kuna kitu cha kuomba."

"Sasa mbona hukuinua karatasi ukasoma?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hatembei uchi.

"Nimwinue Dencho? Wewe vipi, Velika? Tulisema tutasubiri mvua."

Nikamwonyesha kiganja, nikamwambia anakili, muda upo mpaka tarehe thelathini. Akatoa kalamu ya bei za soseji na kunakili. Wengine wakaja mmoja mmoja nyuma yake. Pale ubaoni Stamena alikuwa anajaribu kurudisha vipande kwa mate na kiganja, na havikushika.

Soko zima lilikuwa tayari kupoteza riziki yake kuliko kumgusa mume wangu. Aliyemkwangua ni mimi, kwa kisu cha jibini, na siku yenyewe haikuwa na haraka yoyote.