Mwanga Uliopisha Njia

Asubuhi ile ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza mpaka uani kwetu, Soweto ya Mbeya, nami nilikaa kibarazani, simu mkononi, daftari la darasa la watu wazima magotini. Ndani yake mlikuwa na barua ya kwanza niliyopata kuiandika mwenyewe. Baba mkwe alikuwa amelazwa Iringa. Saa nne angeingizwa chumba cha upasuaji, na aliomba jambo moja tu: anisikie nikisoma.

Mume wangu Lusekelo, fundi wa mkongo, ule waya wa kioo upitishao mwanga wa mawasiliano, alipiga simu kutoka kando ya kitanda cha baba yake.

“Mama Frida, sauti inapita, picha bado. Mkongo umekatika karibu na Chimala. Mwanga wetu umezungushwa njia nyingine, na huko rangi yake ina mwenyewe.”

“Kwani njia haiwatoshi wawili?”

“Inatosha hata themanini, kila mmoja na rangi yake. Wa rangi moja huvurugana. Wenzangu kituoni wanaubadilisha wetu rangi, ndipo uendelee.”

“Na maneno yangu?”

“Yaleyale. Hata rangi zenyewe macho hayazioni.”

Nikafumba macho. Niliuona mwanga ukipita chini ya mashamba na mito, ukafika kituoni, ukavua kitenge kimoja na kujifunga kingine, mzigo kichwani ukiwa uleule.

Nilipofumbua, uso wa baba mkwe ulikuwa umejaa kiooni. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mkwe wa Kinyakyusa, na kwa mila yao mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe; nikimwona njiani, huingia shambani mpaka apite. Nilijifunika kanga usoni, nikakata simu.

Lusekelo akapiga tena. “Mtandao umegoma?”

“Si mtandao. Nimemwona baba.”

Alicheka kidogo, kisha sauti yake ikashuka. “Wauguzi wameshakuja kumchukua, mama.”

Niliukumbuka ule mwanga. Rangi yake ilikuwa na mwenyewe, lakini haukurudi nyumbani; ulijibadilisha, ukapita. Nikaigeuza simu, jicho lake likatazama Loleza, ambako ukungu ulikuwa ukipanda taratibu, nami nikabaki nyuma yake nikisoma, kidole chini ya kila neno. “Baba, mahindi yamebeba. Ng'ombe mweupe amezaa, na ndama anafuata kila mtu aliyevaa gambuti.”

Nilipomaliza, nilisikia magurudumu ya kitanda. Kisha sauti ya mzee, ambaye kwa desturi hanisemeshi:

“Lusekelo, mwambie mama Frida mlima umesoma vizuri. Ule mstari wa ndama aurudie, mpaka nifike mlangoni.”

Nikaurudia, nikaurudia, mpaka magurudumu yasisikike tena.