Makasi ya Wamboi

Kisu changu cha kukunja nilikiunda mwenyewe hapa Ngoingwa kwa vyuma vya skrepu. Makali yalitoka kwa msumeno uliovunjika, bisibisi ikatoka kwa spoki ya bodaboda, na makasi yake madogo yalikuwa ya marehemu mke wangu, Wamboi, aliyekuwa fundi wa nguo Ruiru. Kila asubuhi alinisimamisha mlangoni, akanikata nyuzi zilizoning'inia kwa shati, nami nikimgombeza kwamba ananichelewesha.

Wiki ile ile niliyokimaliza kisu, nilianza kupata vipande vya uzi katika mfuko nilimokibeba. Nikakaza riveti, ile pini iliyoyashika makasi kwenye kisu, mpaka yakakataa kabisa kufunguka. Kesho yake uzi ulikuwepo tena, wa bluu, rangi ya shati nililokuwa nimevaa.

"Wamboi, achana na nguo zangu!" nilifoka, mzee mzima nikigombana na mfuko.

Jumapili nikachoka. Niling'oa riveti, nikayatupa yale makasi ndani ya mkebe wa misumari, nikaenda kanisani na kisu bila makasi.

Baada ya ibada binti yetu Shiko alinishika bega. "Baba, mbona umejiachilia hivi? Nyuzi zimekuning'inia mgongo mzima."

Nilirudi nyumbani, nikayatafuta makasi kwa mkebe, nikayarudisha mahali pake. Lakini safari hii riveti sikuikaza. Niliiacha ilegee kidogo, Wamboi asipate taabu kuyafungua.